Nani Mwenye Nyumba?

Ijumaa, 22 Machi 2024. Meru

Naandika nikiwa saiba, kabla wateja hawajaja na kabla kila mmoja wetu hajaanza kulisimulia jambo hili kivyake.

Saa kumi na nusu alfajiri mwenzetu Fundi alikuwa jikoni akipasha daku, wali wa jana na maharagwe. Taa yetu ndiyo pekee iliyokuwa ikiwaka. Wakabisha, na kabla mtu hajaitika wakabisha tena, sasa kwa kitako cha bunduki. "Polisi! Fungueni!" Akafungua. Mlango wenyewe ni wa mbao nyepesi. Wangeuvunja, na fidia ingekatwa kwenye dipoziti yetu.

Waliingia sita. Swali la kwanza: "Nani mwenye nyumba?"

Hakuna aliyejibu, na si kwa ukaidi. Nyumba ni ya mtu aliye Nairobi ambaye tumemwona mara moja tu. Mkataba una jina langu kwa kuwa siku ile mimi ndiye niliyekuwa na kitambulisho mfukoni. Kodi ni elfu kumi na sita, kila mtu anatoa elfu nne, na tokeni za stima tunanunua kwa zamu. Sasa hapo mwenye nyumba ni yupi? Mkubwa wao, aliyevaa koti jeusi badala ya sare, aliudhika. "Wanaume wazima wanne mmesimama hapa na nyumba haina mwenyewe?" Nikainua mkono kama mtoto darasani.

Walisema wanatafuta pombe haramu. Nikaomba kuona kibali cha mahakama. Mwenye koti akaniambia kwa upole, na upole wake ukaniudhi kuliko kelele za wenzake: "Kijana, si mmetufungulia wenyewe?"

Walianzia chini ya sinki, moja kwa moja, bila kuuliza. Hapo tunaweka mitungi miwili ya maji kwa sababu ya mgao. Wakanusa, mmoja akaonja, wakamwaga mtungi mzima sakafuni ili wahakikishe. Halafu vyumba. Kwa Siakago (tunamwita kwa jina la kwao, huko Mbeere) palikuwa na gunia la muguka uliobaki jana. Muguka si haramu. Kuuuza hapa Meru, penye miraa yake, ni utovu wa adabu tu. Askari mmoja kijana alichota mkono mzima, akaendelea kupekua huku anatafuna. Kwangu walipindua godoro na kuchanganya faili za wateja. Kwa Mwalimu walimwaga katoni ya insha za Gredi ya Nane, zikatapakaa kwenye maji yale yale yaliyotoka jikoni.

Kwa Fundi ndiko walikokaa. Juu ya meza palikuwa na bisibisi, waya wa lihamu, simu zilizofunguliwa matumbo, na chupa mbili za spiriti ya kusafishia bodi.

"Hii ni nini?"

"Spiriti ya simu, afande."

Akanusa, akampa mwenzake. "Wewe ni wa wapi?"

"Isiolo."

"Toa kitambulisho."

Wakakisoma mbele na nyuma, wakakipiga picha. Sisi watatu hakuna aliyeulizwa chetu.

Saa kumi na moja na robo walikuwa wameondoka na Fundi, chupa zote mbili na katoni ya simu za wateja. Wali ulikuwa bado kwenye sufuria.

Ijumaa, usiku

Ijumaa si siku ya kushikwa. Ibara ya 49 ya Katiba inataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, lakini saa hizo zikimalizikia nje ya saa za mahakama, husogezwa hadi siku ya mahakama inayofuata. Kwa hiyo kama Fundi asingefikishwa mchana na asingetolewa jioni, ingekuwa Jumatatu. Kila anayekuja kwangu kuchapiwa hati ya kiapo anaijua hesabu hii bila kuisoma mahali.

Nilifunga saiba saa nne nikaenda kituoni. Sikuwa na wasiwasi wa kesi, maana spiriti ya simu si kesi. Nilikuwa nawaza Kianjokoma. Kwetu Embu huwezi kusikia mtu "amepelekwa kituoni" na usiwaze Kianjokoma. Agosti 2021, ndugu wawili walikamatwa usiku kwa kosa la kafyu ya korona, na siku mbili baadaye wazazi wao wakawapata mochari ya hospitali kuu ya Embu. Polisi walidai waliruka kutoka kwenye gari likiwa mwendoni. Askari sita walishtakiwa kwa mauaji. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la mbao nikijiambia kwamba Fundi alipandishwa gari mbele ya watu, kwamba nimemwona dirishani akiwa mzima, na kila nusu saa nikienda tena dirishani kumtazama.

Jioni tukaambiwa dhamana ni elfu tano. Ukutani kuna bango kwamba huduma zote hapo ni za bure. Nilikuwa na pesa kwenye simu, nikauliza namba ya kulipia. Hapana, noti. Nikauliza risiti. Kitabu cha risiti kimeisha. Nikatoka kutafuta wakala wa M-Pesa, na Siakago akanitumia elfu mbili alizokuwa ameweka za mzigo wa kesho.

Fundi alitoka saa kumi na mbili na kitu. Hakusema neno mpaka akasikia adhana, akafungua kwa maji ya chupa pale pale kando ya barabara. Kisha akauliza: "Simu ziko wapi?"

Jumamosi, 23 Machi

Mvua. Saiba imejaa watu wa eCitizen, wanaotafuta huduma za serikali mtandaoni. Katikati ya kazi nimechapa kwa ajili yetu vipande vya sheria nikavibandika mlangoni mwa friji.

Ibara ya 31 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kutopekuliwa mwilini, nyumbani wala kwenye mali yake. Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai, kifungu cha 118, inasema hakimu ndiye anayetoa kibali cha upekuzi. Kifungu cha 119 kinasema kibali hicho kinaweza kutumika siku yoyote, hata Jumapili, kati ya jua kuchomoza na jua kutua, isipokuwa mahakama iruhusu saa nyingine. Halafu kuna kifungu cha 57 cha Sheria ya Huduma ya Polisi ya 2011, ambacho kinamruhusu askari kuingia bila kibali akiona kwamba kungoja kutaharibu uchunguzi. Hicho cha mwisho ndicho mlango wa nyuma ambamo kila kitu hupita, ingawa hata humo askari anatakiwa awe na cheti chake cha kazi na akionyeshe akiulizwa. Hatukuuliza. Nani huuliza saa kumi na nusu?

Kisichoandikwa popote nilipotafuta ni cha kwetu hasa: mmoja kati ya wanne akifungua mlango, amewaruhusu kuingia wapi? Jikoni ni pa wote. Chumba cha Mwalimu ni cha Mwalimu. Katiba inasema "nyumba yake", na sisi tuna chumba-changu na sebule-yetu.

Niandike na hili, maana nisipoliandika nitajidanganya: sipingi msako wenyewe. Mwezi uliopita watu 17 walikufa Kirinyaga, huko Kangai, kwa pombe yenye sumu. Mei 2014 yalitokea hayo hayo Embu na kaunti nyingine, watu wakafa kwa makumi na wengine wakapofuka. Methanoli ikifika kwenye ini hugeuka asidi, na asidi hiyo hula mshipa wa jicho. Kijijini kwa Cucu, nyanya yangu, yupo mzee anayeongozwa na mjukuu tangu mwaka huo. Kwa hiyo mtu akinusa harufu kali usiku kwenye nyumba ya vijana, asiseme? Ila Kirinyaga kuna jambo ambalo serikali yenyewe ililitamka: pombe ile iliwahi kushikwa na polisi, ikawekwa kituoni kama kielelezo, ikatoka humo ikarudi baa. Ndiyo maana Fundi anauliza simu, haulizi kesi.

Jumapili ya Matawi, 24 Machi

Leo hakuna aliyepika. Wa kwanza kusema alikuwa Siakago, kwa sauti ya mzaha: "Waliendaje moja kwa moja chini ya sinki?" Tukacheka. Halafu kila mtu akaingia chumbani kwake.

Jumatano, 27 Machi

Katoni imerudi. Simu zilizochukuliwa ni 19, zilizorudi ni 16. Kwenye karatasi waliyotutaka tuitie sahihi alfajiri ile pameandikwa "simu mbalimbali" na "kemikali", basi. Niliisoma kabla ya kutia sahihi, na sioni ningeandika nini zaidi na bunduki ikiwa imelala juu ya meza yetu ya chakula, karibu na bakuli la sukari.

Zilizopotea ni zile tatu nzuri. Mmoja wa wenyewe ni konda wa Nkubu, alikuja nyumbani. Hakumwita Fundi mwizi. Alikaa sebuleni bila kusema, akatazama vyumba vyetu vinne kimoja baada ya kingine, na nikajua anafikiri nini. Fundi amekubali kumlipa kidogo kidogo, elfu moja kila wiki.

Mwalimu amezianika insha kwenye kamba ya nguo, akazipiga pasi. Moja ilikuwa na alama ya kiatu cha buti, unyayo kamili na meno yake, juu ya insha ya msichana mmoja kuhusu siku ya michezo shuleni. Nilimkuta usiku akiifuta kwa kifutio, polepole karatasi isichanike, akipuliza vumbi. Alama ya mwanafunzi aliiacha palepale, 14 kwa 20. Yeye ni mwalimu wa mafunzo kazini, analipwa elfu ishirini kabla ya makato, anangoja kuajiriwa kwa kudumu. Hakusema chochote kuhusu polisi juma lote hili, na nilidhani ni hasira.

Jumamosi, 30 Machi. Runyenjes

Nimekuja nyumbani Pasaka. Cucu huniita "mume wangu" kwa kuwa nimebeba jina la babu, na kila nikija lazima anilaumu mbele ya watu kwamba nimemtelekeza. Nilipomsimulia, hakushtuka hata kidogo. Aliuliza: "Walitoboa paa?"

Alikuwa na umri wa miaka kumi hivi walipohamishwa. Wakoloni walitangaza hali ya hatari Oktoba 1952, wakati wa vita vya Mau Mau. Kufikia 1954 na 1955 watu wa Embu, kama wa Nyeri na Kiambu, walitolewa mashambani mwao wakasongamanishwa katika vijiji vyenye handaki na miti iliyochongwa. Mama yake alikuwa miongoni mwa wanawake waliochimba handaki refu la kutenga vijiji na msitu wa Mlima Kenya. Nyumba moja kijijini ililala familia tatu. Homugadi, mgambo wa serikali ya kikoloni, walikuja usiku na mikuki, wakadunga nyasi za paa, wakadunga vitanda, wakadunga hata gunia la maharagwe wakitafuta risasi na chakula cha watu wa msituni. Familia tatu, swali moja: kilichopatikana ni cha nani?

"Na mlijibu nini?"

"Mama yangu alisema ni chake. Kilikuwa kibuyu cha uji tu, lakini uji ulikuwa mwingi mno kwa watu waliokuwemo." Akanyamaza, akamfukuza kuku. "Mwenye uji hakusema kitu. Na baada ya hapo tuliishi naye nyumba moja mwaka mzima."

Nikamuuliza kama walijua nani aliwachongea. Akaniambia habari za gakunia, mtu aliyevikwa gunia kichwani lenye matundu mawili ya macho. Watu walipangwa mstari, naye alitikisa kichwa tu: huyu ndiyo, huyu siyo. Nimesoma kwamba ndivyo walivyofanya pia Nairobi katika Operesheni Anvil, Aprili 1954, walipokamata watu kwa maelfu. Cucu anasema watoto walimjua gakunia kwa miguu. Gunia lilifunika uso na mabega, miguu ikabaki wazi, na kijijini kila mtu anaijua miguu ya jirani. "Tulimjua. Tulimwamkia kila siku."

Sisi hata miguu hatukuiona. Nimelala nikiwaza hilo, na nachukia kwamba nilianza kuhesabu miguu ya watu watatu ninaoishi nao.

Jumatatu ya Pasaka, 1 Aprili

Nimerudi Meru. Matatu imejaa kupita kiasi, na hapo daraja la Nithi, penye ajali nyingi, abiria wote hunyamaza, hakuna anayetaka kuwa wa mwisho aliyekuwa akizungumza. Nyumbani kila mlango wa chumba una kufuli jipya. Kufuli langu, bado jipya ndani ya mfuko, Siakago alikuwa amenibandikia mlangoni. Sikumwagiza.

Jumatatu, 8 Aprili

Fundi ameripoti kituoni kama alivyoagizwa siku alipotolewa. Hakuna faili. Aliyempokea alimuuliza yeye mwenyewe ameshtakiwa kwa kosa gani. Elfu tano nazo hazina karatasi, kwa hiyo hazikuwahi kuwapo. Akauliza kuhusu chupa zake za spiriti, zimepelekwa kupimwa. Kupimwa wapi? Kicheko.

Alhamisi, 11 Aprili

Jana Idi. Fundi alienda Isiolo kusali na kurudi na nyama ya mbuzi, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile tumekula sahani moja. Pengine ndiyo sababu Mwalimu alisema.

Alisema: wiki moja kabla ya msako alimlalamikia keateka, mtunza nyumba wetu, juu ya harufu. Fundi hufanya kazi usiku, spiriti inapenya chini ya mlango, Mwalimu ana pumu. Alimwomba keateka aongee na Fundi kuhusu dirisha. Ni hivyo tu. Keateka yumo kwenye kamati ya usalama wa mtaa, Nyumba Kumi, na mwezi ule wa Kirinyaga kamati zote ziliambiwa zitoe habari za harufu. Mitungi chini ya sinki keateka aliiona mwenyewe alipokuja kurekebisha bomba.

Tukanyamaza. Fundi akasema, "Ungeniambia mimi, ndugu yangu." Mwalimu akasema alijaribu mara mbili, na mara zote mbili Fundi alikuwa na vifaa masikioni. Hilo ni kweli, Fundi haondoi vifaa masikioni.

Siakago alikuwa mkali kuliko mwenye kuumia. Mimi naona tofauti kubwa kati ya mtu aliyetikisa kichwa ndani ya gunia na mtu aliyelalamikia harufu akasikika kupita alivyokusudia. Lakini nilikuwa nimeshachapa barua kwa IPOA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya 2011 kuwachunguza polisi, nikiwa nimeorodhesha saa, idadi ya simu, dhamana bila risiti. Niliiweka mezani baada ya nyama. Fundi akatia sahihi, Siakago, mimi. Mwalimu aliisoma yote, akanisahihishia tahajia mahali pawili, akanirudishia. "Jina langu likionekana hapo, nani ataniajiri?" Alikuwa na haki ya kuogopa. Nilimkasirikia hata hivyo, na bado.

Nimeituma ikiwa na sahihi tatu.

Jumanne, 16 Aprili

Ujumbe kutoka kwa mwenye nyumba, kupitia keateka: hataki polisi kwenye mali yake, tutoke kufikia mwisho wa Mei. Barua imeandikwa kwa jina langu peke yangu. Kumbe mwenye nyumba nilikuwa mimi.

Jumapili, 21 Aprili

Mwalimu amepata bedsita karibu na shule, ana dirisha kubwa. Sisi watatu tumeenda kutazama nyumba upande wa Gitoro, mvua ikitunyeshea njia nzima. Mama mwenye ploti anaishi pale pale. Alitukalisha verandani, akatuhoji mmoja mmoja: jina la baba, kwenu wapi, kazi gani.

Siakago akamwambia anauza muguka, mama akaguna kama Mmeru anavyoguna akisikia neno hilo. Fundi hakungoja aulizwe. "Mimi natengeneza simu, mama. Chumbani kuna spiriti, ina harufu, na dirisha litakuwa wazi. Kila simu ina risiti yenye namba yake ya IMEI na namba ya mwenyewe." Akatoa kitabu cha risiti, kipya, akamwonyesha.

Mama alikifungua, akasoma ukurasa wa kwanza mpaka chini. Akauliza mkataba uandikwe jina la nani. Tukasema yetu yote matatu. Hajawahi kuandika hivyo, akasema, lakini kodi ni ile ile hata majina yakiwa kumi, dipoziti ni ya miezi miwili, na taa ya nje tutailipia wenyewe.